Mmoja arusha, mwingine asikiliza: rada inayochora picha kwa mawimbi ya kuazima

Vijana wetu wa Mombasa wakiagana barabarani huambiana, "Kaa rada." Maana yake ni kuwa macho na kutega sikio, usije ukashtukizwa. Aliyeleta msemo huo hakukosea, kwani nusu nzima ya kazi ya rada ni kusikiliza. Lakini rada tulizozoea, kama ile inayozunguka juu ya meli zinazoingia Kilindini, hazisikilizi tu. Kwanza hupiga ukelele wa mawimbi ya redio, kisha hunyamaza na kungoja mwangwi. Mdomo na sikio viko mahali pamoja, na mara nyingi antena ni moja.

Iko aina nyingine ya rada, ambayo ukelele hupigwa na mmoja na kusikilizwa na mwingine. Ndege au setilaiti hupita juu ikimwaga mawimbi. Chini, kwenye paa la jengo au mgongo wa kilima, pana kisanduku chenye antena ndogo. Kisanduku hicho hakirushi kitu. Kazi yake ni kupokea mwangwi unaoruka kutoka ardhini. Kompyuta huuchambua mwangwi huo na kuchora picha ya ardhi, iwe usiku au mchana, mawingu yawepo au yasiwepo. Wataalamu huiita rada bistatiki, yaani rada ya vituo viwili.

Nina sababu ya kuleta habari hii hapa pwani. Nusu ya rada iliyo ghali ni ile ya kurusha: ndege, setilaiti, roketi, umeme mwingi. Nusu ya kusikiliza ni nyepesi, na mawimbi ya kusikilizwa yanatupitia kichwani kila wiki bila sisi kulipa senti. Kwa hivyo swali la nani aweza kuipiga picha ardhi yetu halimalizwi na kuhesabu nani ana roketi.

Tochi ya kichwani na karabai ya jirani

Mfano wa taa utatusaidia. Mtu aliyejifunga tochi kwenye paji la uso huangaza na kutazama kutoka mahali pamoja. Anachokiona huwa bapa, kwa sababu kila kivuli kimejificha nyuma ya kitu chenyewe. Sasa tochi izimwe, na mwenzake asimame pembeni na karabai. Vivuli vitatokeza. Mikunjo ya mchanga, nyayo na kamba iliyolala chini vitaonekana. Macho hayakubadilika, kilichobadilika ni mwanga unatoka wapi.

Rada ya kawaida ni ile tochi ya kichwani. Rada bistatiki ni karabai ya pembeni. Na wavuvi wajua jambo la pili kuhusu karabai: mwanga wake haumtumikii mwenye kuiwasha peke yake. Aliye kwenye mtumbwi wa karibu huona kwa mwanga uleule, bila kununua mafuta, na mwenye taa hana njia ya kujua kama yupo anayeutumia.

Hata macho yetu ni ya aina hiyo. Jua hurusha, sisi hupokea. Mtu hahitaji kumiliki jua ili aone.

Ilizaliwa ikiwa imegawanyika

Wengi hudhani rada ya vituo viwili ni ubunifu mpya juu ya ile ya zamani. Mambo yalikuwa kinyume. Tarehe 26 Februari 1935, Robert Watson-Watt na msaidizi wake Arnold Wilkins waliegesha gari lenye mitambo ya kupokelea katika shamba karibu na kijiji cha Weedon, Uingereza. Hawakujenga mtambo wa kurusha. Walitumia mawimbi ya redio ya BBC yaliyokuwa yakitoka kituo cha Daventry, si mbali na pale. Ndege ya kijeshi aina ya Heyford ikapita juu, na mwangwi wake ukaonekana kwenye kioo cha mtambo hadi umbali wa karibu kilomita 13. Jaribio hilo ndilo lililoishawishi serikali ya Uingereza kutoa fedha za kujenga vituo vya rada vilivyokuja kuitwa Chain Home.

Vita vilipopamba moto, Wajerumani nao waliwafanyia Waingereza vivyo hivyo. Walijenga vituo kwenye pwani ya bara Ulaya inayoelekea Uingereza, wakaviita Klein Heidelberg. Vituo hivyo havikurusha chochote. Vilisikiliza mapigo ya Chain Home yenyewe na mwangwi wake kutoka kwa ndege zilizokuwa hewani. Ukelele wa Mwingereza ukawa taa ya adui yake.

Kulipatikana pia kifaa cha kuiwezesha antena moja kurusha kisha kusikiliza kwa zamu, na rada ikahamia mahali pamoja. Hilo lilirahisisha kazi sana, maana saa ni moja, hesabu ni moja na mlinzi ni mmoja. Mgawanyo wa zamani ukasahauliwa kwa miaka.

Ulirudi kwa sababu ya hatari. Katika vita vya Vietnam Marekani ilitumia makombora kama Shrike, ambayo hufuata mawimbi ya rada hadi kwenye antena iliyoyatoa. Ikawa dhahiri kwamba kila anayepiga ukelele hujitaja alipo. Ndipo wahandisi wakarudia wazo la kumweka mrushaji mbali nyuma, ndani ya ndege iliyo salama, na kuwaweka wasikilizaji mbele, chini, kimya. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilifadhili majaribio ya mpango wa namna hiyo, ukiitwa Sanctuary, jina lenye maana ya mahali pa hifadhi.

Kamba na vijiti viwili

Sasa tuone picha hutokeaje. Mawimbi ya redio husafiri kwa kasi ya mwanga, mita 300 kwa kila sehemu moja ya milioni ya sekunde. Ukijua wimbi limechukua muda gani, wajua limetembea umbali gani.

Katika rada ya kawaida, wimbi hutoka mahali pamoja na kurudi papo hapo. Mwangwi ukichelewa kiasi fulani, kilichourudisha kiko mahali fulani kwenye duara ambalo katikati yake ni rada. Katika rada ya vituo viwili njia ina vipande viwili, kutoka kwenye ndege hadi kwenye kitu, kisha kutoka kwenye kitu hadi kwa msikilizaji. Kinachojulikana ni jumla ya vipande hivyo.

Fundi bustani anayetaka kuchora umbo la yai huijua hesabu hii. Huchomeka vijiti viwili ardhini, akavifunga kwa kamba iliyolegea, kisha akaivuta kamba kwa msumari huku akizunguka. Urefu wa kamba haubadiliki, kwa hivyo msumari huchora yai. Kijiti kimoja ni ndege, cha pili ni msikilizaji, na kamba ni safari ya wimbi.

Tuchukue mfano. Ndege iko kilomita 8 kutoka kwa msikilizaji. Wimbi la moja kwa moja linafika kwanza. Baada ya sehemu 10 za milioni ya sekunde unafika mwangwi kutoka kwenye kitu ardhini. Mwangwi huo umetembea mita 3,000 zaidi, yaani kilomita 11 kwa jumla. Kitu kile kiko kwenye yai la kamba ya kilomita 11.

Lakini yai lina mzunguko mrefu, na kitu kimoja hakiwezi kuwa kila mahali juu yake. Hapa ndipo mwendo wa ndege huingia. Sote tumesikia honi ya matatu ikipita barabarani: ikija sauti ni nyembamba, ikienda zake inakuwa nzito. Mawimbi ya redio hufanya hivyo pia. Kitu ambacho ndege inakikaribia hurudisha mwangwi ulio juu kidogo, na kile ambacho ndege inakiacha nyuma hurudisha mwangwi ulio chini kidogo. Msikilizaji ametulia, kwa hivyo tofauti yote hutokana na mwendo wa ndege. Kwa kupima ucheleweshaji na badiliko hilo pamoja, kompyuta hujua kila nukta ya yai iko wapi.

Mwendo huohuo huleta faida nyingine. Antena kubwa huona vizuri kuliko ndogo, lakini ndege haiwezi kubeba antena ya kilomita nzima. Mwaka 1951 Carl Wiley, mhandisi wa kampuni ya Goodyear nchini Marekani, alitambua kwamba antena ndogo inayosonga yaweza kufanya kazi ya antena ndefu, iwapo mwangwi wa kila hatua ya safari utahifadhiwa kisha kuunganishwa kwa hesabu. Rada nyingi za kupiga picha za leo, za ndege na za setilaiti, zimesimama juu ya wazo hilo. Katika rada ya vituo viwili, inatosha mrushaji peke yake awe ndiye anayesonga.

Saa mbili zisizopatana

Ugumu mkubwa uko kwenye saa. Rada ya kawaida ina saa moja inayojua wimbi liliondoka lini na lilirudi lini. Hapa saa ni mbili, moja angani na moja ardhini, na hazikufungwa kwa uzi. Zikitofautiana kwa sehemu moja ya bilioni ya sekunde, umbali unakosewa kwa sentimita 30. Kwa kuchora picha hata hiyo ni nyingi mno. Mawimbi ya rada nyingi za setilaiti yana urefu wa karibu sentimita 5 na nusu, na ili hatua za safari ziunganishwe vizuri, kosa lazima liwe dogo kuliko sehemu ndogo ya urefu huo.

Suluhisho lililotumika mara nyingi ni kumpa msikilizaji masikio mawili. Sikio moja huelekezwa angani, kwa ndege au setilaiti yenyewe, lisikie ukelele kabla haujagusa kitu. La pili huelekezwa ardhini, lisikie mwangwi. Yote mawili hutumia saa moja ya pale chini. Saa ya angani ikiyumba, inayumba kwa ukelele na kwa mwangwi wake pia, na ukilinganisha hivyo viwili, kosa hujifuta. Msikilizaji hahitaji kumwomba mrushaji saa wala siri. Husikia alichosema, kisha husikia ardhi ilivyojibu.

Setilaiti mbili za Ujerumani, TerraSAR-X iliyorushwa Juni 2007 na TanDEM-X iliyoifuata Juni 2010, zilitumia njia tofauti. Ziliruka zikiwa zimetengana kwa mamia ya mita tu. Moja hurusha, zote mbili husikiliza, na mara kwa mara hutumiana mapigo mafupi ili saa zao zipatane. Kwa njia hiyo zilipima miinuko na mabonde ya nchi kavu ya dunia nzima. Lakini hizo ni setilaiti zilizojengwa ziwe mtu na mwenzake. Kwa mwenye kipato kidogo, mfano unaofaa zaidi ni wa Barcelona.

Mfano wa Barcelona

Katika miaka ya 2000, wahandisi wa Chuo Kikuu cha Universitat Politècnica de Catalunya mjini Barcelona, Hispania, walitengeneza kipokezi walichokiita SABRINA. Hawakuwa na setilaiti. Shirika la anga za juu la Ulaya lilikuwa na mbili zilizobeba rada, ERS-2 na Envisat, zilizokuwa zikipita juu ya mji huo kwa ratiba inayojulikana. Wao waliweka kipokezi chao chini, sikio moja likielekea angani na mengine yakielekea eneo walilotaka kulichora, wakangoja.

Setilaiti kama hiyo husafiri zaidi ya kilomita 7 kila sekunde, kwa hivyo nafasi ya kusikiliza ni ya sekunde chache tu kila inapopita. Mtambo hurekodi, kisha kazi iliyobaki ni ya kompyuta. Zikapatikana picha za rada za eneo linalozunguka kipokezi. Na kwa kuwa masikio ya kuelekea ardhini yalikuwa zaidi ya moja, kulinganisha kile kilichosikiwa na kila moja kuliwezesha pia kukisia miinuko ya ardhi.

Mtu aweza kuuliza, antena ndogo ya ardhini yawezaje kushindana na ile kubwa ya setilaiti? Hesabu ya juu juu yatosha. Antena ya rada ya Envisat ilikuwa na urefu wa mita 10 na upana wa mita 1.3, yaani mita 13 za mraba. Tuseme ya ardhini ni ya sentimita 20 kwa 20. Ni ndogo kuliko ile kwa mara 325. Lakini mwangwi wa kurudi kwenye setilaiti husafiri karibu kilomita 800, na wa kufika kwa msikilizaji aliye jirani husafiri labda kilomita 5. Umbali ukipungua mara 160, nguvu ya mwangwi huongezeka mara 160 kwa 160, ambayo ni 25,600. Ukigawa kwa 325, bado msikilizaji wa chini anapata mwangwi wenye nguvu karibu mara 80. Aliye karibu na mlango husikia hodi hata kama masikio yake ni mazito.

Kisichowezekana

Sitaki mtu adhani kisanduku kimoja kitamwonyesha dunia. Kina mipaka, na mipaka yenyewe ni ya kimaumbile.

Kwanza, msikilizaji huona ujirani wake tu. Setilaiti huchora mamia ya kilomita kwa mpigo. Kipokezi cha chini huchora bonde moja, mteremko mmoja, ghuba moja.

Pili, kimo. Antena iliyo chini hutazama ardhi kwa mlalo. Mti wa mbele humficha wa nyuma, nyumba ya mbele humficha jirani. Kwenye nchi bapa kama kisiwa cha Lamu, kipokezi kilichowekwa ufuoni kitaona ukingo wa mikoko na kukosa iliyo nyuma yake. Huhitajika kilima, mnara au jengo refu.

Tatu, mahali pa kusimama. Rada yenye upana wa masafa wa megahezi 20, mdomo na sikio vikiwa pamoja, hutenganisha vitu vilivyopishana kwa mita 7 na nusu. Ikiwa mrushaji na msikilizaji wanakitazama kitu kwa pembe ya nyuzi 120 kati yao, mita hizo huwa 15. Kitu kikiwa katikati yao kwenye mstari mmoja ulionyooka, ucheleweshaji hautoweki kwa kimoja tu bali kwa vyote vilivyo karibu na mstari huo, na picha haichoreki. Isitoshe, kwa kuwa anayesonga ni mmoja badala ya wawili, ukali wa picha kwa upande wa safari hushuka kwa nusu.

Nne, vitu vyenyewe hujibu tofauti. Pembe za majengo, na shina la mti linapokutana na maji, hurudisha wimbi kule kule lilikotoka. Kwenye picha za rada ya kawaida huwaka. Msikilizaji aliye pembeni huenda asiupate mng'ao huo. Ataona mengine, lakini asitarajie picha ileile.

Mwisho, mwenye kuazima hufuata ratiba ya mwenye mali. Setilaiti ikipita kila siku 12, wewe utaona kila siku 12. Ikizimwa, kama Envisat ilivyonyamaza mwaka 2012, huna budi kutafuta ukelele mwingine. Ndiyo maana wanaotaka kuona kwa haraka, kama wakati wa maporomoko ya udongo, hupendelea ndege ambayo wanaweza kuiita wao.

Mbalamwezi na pepo za Bahari ya Hindi

Iko kazi moja ya rada ya vituo viwili ambayo tayari inahusu maji yetu. Setilaiti za GPS, zilizo kilomita 20,200 juu yetu, humwaga mawimbi mchana na usiku ili simu na vyombo vya baharini vijue vilipo. Mawimbi hayo yakigonga bahari hudunda. Desemba 2016 Marekani ilirusha setilaiti 8 ndogo ziitwazo CYGNSS, ambazo kazi yake ni kusikiliza mdundo huo. Hazirushi rada yao. Hupita juu ya ukanda wa joto, na Bahari ya Hindi imo.

Anayekaa ufuoni usiku wa mbalamwezi aijua kanuni yake. Bahari ikiwa shwari, mwezi huonekana majini kama sahani moja inayong'aa. Upepo ukivuma, sahani hiyo hupasuka ikawa njia pana ya vimulimuli. Mawimbi ya GPS hufanya hivyohivyo: maji yakitulia mdundo ni mkali na umekusanyika, maji yakichafuka husambaa na kudhoofika. Kwa kupima tofauti hiyo, CYGNSS hukadiria kasi ya upepo juu ya bahari, hata ndani ya mvua kubwa ya kimbunga. Manahodha wa majahazi walisoma kaskazi na kusi kwa rangi ya maji. Hizi zasoma kwa mng'ao wa wimbi ambalo si lao.

Na sisi je?

Pwani yetu ina historia ndefu ya kusikiliza anga kwa niaba ya wengine. Huko Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano walijenga kituo cha San Marco katika miaka ya 1960. Kutoka kwenye jukwaa lililosimama baharini, setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa Aprili 1967, na tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa ile ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru kwa heshima ya siku yetu. Urushaji ulikoma mwaka 1988, lakini antena za nchi kavu ziliendelea kupokea habari za setilaiti. Malalamiko ya pwani kuhusu faida ya kituo hicho kwa wenyeji ni ya siku nyingi na hayahitaji kurudiwa hapa. Linalohitaji kusemwa ni kwamba miaka yote hiyo sikio lilikuwa kwenye ardhi yetu, na elimu ya kusikiliza haikuenea mbali na ua wake.

Tarehe 15 Aprili 2023 Kenya ilirusha Taifa-1, setilaiti yake ya kwanza ya kuchunguza ardhi. Ni hatua ya kujivunia. Lakini Taifa-1 ilibeba kamera, na kamera huzuiwa na wingu. Masika yakianza, siku ambazo Mto Tana hufurika na watu kuhama vijiji ndizo siku mbingu zimefunga. Rada hupenya wingu. Maji yaliyotulia shambani huurusha ukelele mbali kama kioo, hayaurudishi kwa setilaiti, na hivyo mafuriko huonekana meusi kwenye picha. Setilaiti za Ulaya za Sentinel-1, ya kwanza ikiwa imerushwa Aprili 2014, hutoa picha za namna hiyo kwa yeyote aliye na intaneti, bila malipo.

Kwa hivyo hatua ya kwanza haihitaji hata kisanduku. Vijana wanaosoma Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi au Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa waweza kuanza leo kuzisoma picha hizo: kuhesabu mikoko ya Lamu iliyokatwa, kufuata maji ya Tana yanapopanda. Kuisoma picha ya rada ni ujuzi wa mkono, kama kusuka au kushona kofia. Hauji kwa kusikia habari zake.

Hatua ya pili ni kisanduku chenyewe. Redio zinazoendeshwa kwa programu za kompyuta, antena ndogo na kompyuta ya kawaida ndizo sehemu zake kuu. Mahali pa kukiweka tunapo: Milima ya Shimba imeinuka juu ya nyanda za Kwale, na miji yetu haikosi majengo marefu. Picha ya kwanza huenda ikawa mbaya. Lakini mwanafunzi aliyeipata atakuwa amejifunza saa, mawimbi, hesabu na subira, na atakuwa ameielekeza antena upande ambao yeye ameona unafaa kutazamwa, wala si uliochaguliwa na ofisi ya ng'ambo.

Hatua ya tatu ni ya sheria, na haifai kungoja zile mbili. Anayerusha mawimbi huonekana, aweza kuombwa leseni na kuulizwa anafanya nini. Anayesikiliza tu hana alama yoyote. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, iliyotungwa kulinda habari za mtu binafsi. Ardhi, misitu na maji ya jamii ni jambo jingine. Picha za rada za aina hii hazimtambui mtu, lakini zaweza kumwonyesha tajiri wa mbali shamba lipi limeachwa, ufuo upi unaliwa na bahari na msitu upi umefunguliwa njia, kabla wenyewe hawajajua. Bunge za kaunti zetu sita zikijadili hati za ardhi, zijue kwamba ramani siku hizi huchorwa hata na asiyekanyaga mchanga wetu.

Mawimbi yatapita wiki hii pia, juu ya Vanga, juu ya Kilifi, juu ya Kiunga. Yatagonga mabati, minazi na maji, na mwangwi wake utasambaa kila upande. Sehemu ndogo itarudi kwa aliyeyarusha, naye ataifanyia kazi. Iliyobaki itapotea kwa sababu hapakuwa na sikio lililotegwa kuipokea.